KITI KIMOJA BUNGENI NI MALI YA MFANYAKAZI



Mbunge wa Kawempe Kaskazini, marehemu Muhammad Ssegirinya, alifariki Januari 9, 2025 katika hospitali ya Lubaga, kilima jirani na sisi hapa Mengo. Uchaguzi mdogo wa kujaza kiti chake ulifanyika Alhamisi, Machi 13. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya 199,000. Waliopiga kura hawakufika mmoja kati ya sita. Bwana Elias Nalukoola alitangazwa mshindi kwa kura 17,939. Mwezi wa Mei Mahakama Kuu ikaufuta ushindi huo, naye akakata rufaa.

Wapo wasemao kwamba watu ni wavivu. Sisi hatukubali. Siku ile askari walipiga watu, hata waandishi wa habari. Kura za vituo 14 hazikuingizwa katika hesabu. Na lipo jambo la tatu ambalo halisemwi sana: Alhamisi ni siku ya kazi. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi jioni. Mtu wa zamu ya saa moja mpaka saa moja atapiga kura saa ngapi? Akiondoka kazini, mshahara wa siku umekwenda.

Kiti kimoja chatuhusu nini? Kima cha chini cha mshahara, shilingi 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa mwaka 1984. Leo pesa hiyo ni kidogo mno. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kukibadili, Rais akakataa kutia sahihi. Lakini Katiba yasema muswada uliokataliwa mara mbili waweza kupitishwa mara ya tatu kwa theluthi mbili za wabunge wote, ukawa sheria bila sahihi yake. Wabunge watano wa wafanyakazi peke yao hawaiwezi kazi hiyo. Theluthi mbili hupatikana kiti kwa kiti.

Hatumwambii mtu ampigie nani. Hiyo ni siri yake. Twasema mawili. Kwanza, kila tawi lidai katika mapatano na mwajiri kwamba siku ya kura, uchaguzi mkuu au mdogo, mfanyakazi apewe nafasi ya kwenda kituoni bila kukatwa mshahara. Pili, mgombea akija langoni mwa kiwanda au kambini shambani, aulizwe mbele ya watu wote: hizi shilingi 6,000 utazifanyaje? Asiyejibu, tumekwisha kumjua.

Umoja ni nguvu.