Kinanda cha Nyumbani na Wimbo Usio na Daftari

Kuna kauli iliyozoeleka katika semina zetu za fasihi simulizi, nayo ni kwamba kinanda cha umeme kimeua muziki wa jadi. Aghalabu hutolewa na watu ambao hawajawahi kuketi na kijana wa Kericho au Bomet anapokipiga kinanda chake chumbani na kuurekodi wimbo. Makala haya yanaipinga kauli hiyo. Hoja yangu ni kwamba kinanda cha nyumbani, pamoja na rununu au tarakilishi inayoinasa sauti yake, kimempa mwananchi wa nchi ya majani chai uwezo ambao babu yake hakuwa nao: kuwa mwimbaji na papo hapo kuwa mwenye kumbukumbu ya wimbo wake. Kinachokosekana ni daftari, na hapo ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapohitajika.

Tuanze na neno lenyewe. Wanaodai kwamba kinanda ni kitu kigeni husahau kwamba neno hili lina historia ndefu katika lugha yetu. Huko pwani lilitumiwa kuitaja ala ya nyuzi, mithili ya gambusi, kabla ya taarabu kuenea. Baadaye lilibebeshwa piano, ogani ya kanisani, hata gramafoni. Taarabu ya kisasa nayo, kwa mfano ile ya kundi la East African Melody lililoanza katika miaka ya 1990, imekiweka kinanda cha umeme katikati ya jukwaa, na hakuna mwanafasihi anayesema kwamba taarabu imekoma kuwa fasihi kwa sababu hiyo. Iweje basi kinanda kikifika Bomet kiitwe muuaji?

Mintarafu ya kurekodi, nchi ya Wakipsigis ina kisa kinachopaswa kujulikana na kila mwanafunzi wa fasihi simulizi. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet na mitambo yake akarekodi nyimbo kadhaa, zikiwemo tatu zinazoitwa "Chemirocha". Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imefika vijijini kwa santuri na gramafoni. Wasichana wa Kikipsigis waliichukua sauti hiyo ngeni wakaifanya kiumbe cha masimulizi, nusu mtu nusu mnyama, wakamwimbia huku ala ya nyuzi ya chepkong ikiwasindikiza. Tuzingatie jambo hili: wimbo ambao leo unasifiwa ulimwenguni kuwa johari ya jadi ulizaliwa na mashine. Mashine haikuua ubunifu wa wasichana wale. Iliuchokoza.

Hata hivyo, kisa hicho kina upande wa pili. Sauti zilizonaswa siku ile ziliondoka na mwenye mitambo. Zilihifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, iliyoanzishwa na Tracey nchini Afrika Kusini mwaka 1954, na zikasikilizwa na wageni wa nchi za mbali. Ilipita miaka zaidi ya sitini kabla ya nakala kurejeshwa Kapkatet na kukabidhiwa wazee waliokuwa hai pamoja na jamaa za waliotangulia. Mgala muue na haki yake mpe: Tracey aliandika mahali, mwaka na majina ya waimbaji. Ndiyo sababu leo tunaweza kumtaja Chemutoi Ketienya kama mwimbaji, na ndiyo sababu warejeshaji walijua waende wapi. Bila maandishi hayo, nyimbo hizo zingebaki sauti zisizo na kwao.

Baada ya Tracey, biashara ilichukua nafasi. Chandarana, kampuni ya muziki iliyokuwa mjini Kericho, ilitoa santuri za wanamuziki wa Kikipsigis pamoja na za wanamuziki wa jamii nyingine za magharibi mwa Kenya. Mji mdogo uliozungukwa na majani chai ukawa kituo cha kurekodia. Lakini hata hapo, mwanamuziki alisafiri kwenda kwa mwenye mashine, akaimba kwa dakika chache zilizoweza kuenea katika upande mmoja wa santuri, kisha akarudi nyumbani.

Leo mambo yamegeuka. Katika makazi ya wafanyakazi wa mashamba ya chai na katika vijiji vya wakulima wadogo, utakipata kinanda cha oktavu tano kimewekwa juu ya meza, kimefunikwa kitambaa. Wapigaji wengi walijifunza kanisani. Baadhi ya vinanda hutumia betri kubwa sita, na hilo ni jambo la maana pale umeme unapopotea. Kurekodi hufanywa usiku, kwa sababu mvua ya alasiri ikipiga mabati haiachi nafasi ya sauti nyingine. Blanketi hutundikwa ukutani ili kuzuia mwangwi. Wimbo unaweza kuwa wa Kikipsigis, ama wa Kiswahili, kwa vile mashamba hayo yamekusanya Wakipsigis, Waluo, Waluhya na Wakisii kwa miongo mingi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Tangu Kass FM ilipoanza kutangaza kwa Kikalenjin mwaka 2005, mtunzi wa kijijini ana sababu ya kutumaini kwamba wimbo wake utasikika nje ya boma lake.

Kinanda hurekodi kwa njia mbili, na tofauti yake inatuhusu sana. Njia ya kwanza ni kunasa sauti yenyewe, kwa rununu au kwa waya uliounganishwa na tarakilishi yenye programu kama Audacity. Njia ya pili ni mfumo wa MIDI, uliobuniwa mwaka 1983, ambao haunasi sauti hata kidogo. Huandika tu kwamba kibonyezo fulani kilibonyezwa wakati fulani, kwa nguvu kiasi fulani, kisha kikaachiliwa. Mpigaji anaweza baadaye kubadili kasi, au kuamuru filimbi ichukue nafasi ya piano. Huu si ule mjadala wetu wa kale wa matini na utendaji? MIDI ni matini: inasahihishika, inarithika, lakini haina pumzi. Sauti iliyonaswa ni utendaji: ina kikohozi cha mwimbaji na kicheko cha mtoto mlangoni, lakini haisahihishiki kwa urahisi. Kijana wa Bomet huyatenda yote mawili kwa jioni moja, ilhali sisi tungali tunabishana vitabuni.

Wapinzani wana hoja ambazo hatuna budi kuzikabili. Wanasema midundo iliyotiwa kiwandani inafanya nyimbo zote zifanane. Hilo ni kweli, na mtunzi mvivu huonekana upesi. Wanasema pia kwamba kinanda kimepimwa kwa vipimo vya Ulaya ambavyo havilingani na nyuzi za chepkong. Hilo nalo ni kweli. Lakini mpigaji stadi huuzima mdundo wa kiwandani na kuupiga wake kwa vidole. Isitoshe, vibonyezo vyeusi vitano vya kila oktavu hutoa ngazi ya sauti tano, naye mpigaji aliyelelewa katika nyimbo za namna hiyo huweza kuvitegemea hivyo tu, kisha akatumia kitufe cha kupandisha au kushusha sauti ili amfuate mwimbaji. Ala ni ile ile. Kinachotofautiana ni mkono.

Katika nchi ya chai, neno "mashine" halitamkwi kwa wepesi. Mwaka 2023 mashine za kuchumia majani chai zilichomwa moto Kericho na waandamanaji waliolalamika kwamba zinawanyima kazi. Huenda msomaji akauliza kama kinanda hakimnyimi mpiga ngoma kazi vivyo hivyo. Jibu langu ni kwamba swali la msingi ni nani anayeimiliki mashine. Ya kuchumia chai ni mali ya mwajiri. Kinanda ni mali ya mwenye nyumba, na akikizima jioni, kazi iliyofanyika ni yake.

Itakuwa yake, lakini, iwapo tu itajulikana kuwa yake. Rununu nyingi za huko zimejaa rekodi ambazo jina lake ni nambari tu. Simu ikiibwa au ikianguka majini, wimbo umekwisha. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi na mtendaji, na Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na matamko ya kitamaduni imezipa serikali za kaunti wajibu katika jambo hili. Lakini sheria humfaa mwenye ushahidi.

Napendekeza, basi, mambo mawili. Kwanza, kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anayetoka sehemu hizo akirudi nyumbani likizoni amsaidie mpiga kinanda mmoja kuandika, kwa kila wimbo, jina la mtunzi, waimbaji, mahali, tarehe, lugha na maneno yote, na nakala ibaki kwa mwenye wimbo. Pili, idara zetu zikubali nyimbo hizo kuwa data halali ya tasnifu, badala ya kutusukuma daima kuwatafuta wazee wasiogusa umeme. Yaliyofanywa na Tracey mwaka 1950 kwa mitambo mizito, leo yanahitaji kalamu na rununu. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mali tunayo, na inapigwa kila usiku chini ya mabati. Daftari liko mikononi mwetu.