MASHINDANO YA VIJANA YASICHEZWE DESEMBA. CHIMBIENI MAGOLI KWANZA!

Ndugu wanaushirika, na ninyi vijana wetu,

Kamati ya Michezo imeomba chama chetu cha ushirika kitoe shilingi 600,000 kwa mashindano ya mpira ya vijana, timu 8, mwezi wa Desemba shule zikiwa zimefungwa. Ombi hilo nimelisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani nimeruka ukurasa. Jezi zimo. Spika na jenereta vimo. Posho ya Kamati imo, na pilau ya wageni imo. Maji ya kunywa ya watoto hayamo. Bendeji haimo hata moja. Magoli hayakutajwa.

Mimi Katibu wa Tawi nasema hapana, na naandika hapa ukutani ili asitokee mtu kilabuni kusema Katibu anapiga vita michezo. Michezo naitaka. Kijana anayetoka jasho uwanjani jioni hana muda wa kukaa kwenye kamari. Ninachokataa ni kuita watoto wa watu kutoka vijiji vingine waje kwenye uwanja ambao sisi wenyewe tunajua haufai.

Yale magoli ya chuma hayakuchimbiwa. Yamesimamishwa tu juu ya ardhi ili yasogezwe siku ya mnada. Kila jioni watoto wananing'inia kwenye mwamba wa juu, na sisi watu wazima tunapita tunacheka. Goli la namna ile watu wanne wanalinyanyua kwa shida. Likipinduka linamwangukia mtoto kichwani au kifuani, na watoto wamekwisha kufa hivyo katika nchi nyingi, wengine hata mechi haikuwapo, walikuwa wanacheza tu. Sheria ya 1 ya mpira wa miguu inataka magoli yafungwe imara ardhini. Hiyo ni ya kwanza, siyo ya mwisho! Kamati imeomba hela ya firimbi ya refa, lakini sheria ya kwanza ya mchezo wenyewe haikuiona? Wazee wetu mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipotangazwa redioni, walichimba vyoo kwa jembe la mkono na hakuna aliyedai posho. Sisi mashimo manne ya nguzo za goli yanatushinda.

Sasa nije kwenye Desemba yenyewe. Nani asiyejua Desemba ya huku kwetu? Asubuhi jua, saa 8 mchana wingu jeusi, saa 9 radi. Na ratiba ya Kamati inaanza saa 8 hiyo hiyo. Januari 2025 radi iliua wanafunzi 7 wa Sekondari ya Businda, wilaya ya Bukombe, mkoa jirani na huu wetu wa Shinyanga. Hao walikuwa shuleni. Je, mtoto aliye katikati ya uwanja mtupu, yeye ndiye kitu kirefu kuliko vyote pale, atakuwaje? Na watazamaji watakimbilia wapi? Chini ya ule mwembe, ambako ndiko kubaya zaidi, maana radi hupenda kupiga mti mrefu ulio peke yake.

Utaratibu unaofuatwa na wenye kujua ni huu: ukisikia ngurumo, mechi inasimama, watu wote wanaingia kwenye jengo imara, na hakuna kurudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Haya, kwa mvua zetu za Desemba, mechi itakwisha saa ngapi? Itakwisha usiku! Wala jengo si kinga kamili. Dawa ni kucheza wakati mvua hazipo. Juni shule zinafungwa pia, mbingu ni kavu, pamba inauzwa na wazazi wana senti mkononi. Kamati inaijua Juni vizuri sana.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu jambo hili linaogopesha kuliko radi. Oktoba 1998 ziliandikwa habari kutoka Kasai, nchi ya Kongo, kwamba radi imeua wachezaji 11 wa timu moja uwanjani, na timu ya pili ikasalimika. Mara moja watu wakaanza kusema uchawi. Kwetu je? Mkoa wetu una aibu ya vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, miaka mingi ya kuwapikia hao hao waliowaua. Mtoto mmoja akifa katika mashindano haya, hamtasikia mtu akisema Kamati ilipanga mechi saa 8 mchana mwezi wa mvua. Mtasikia jina la bibi fulani. Nasema mapema, tena kwa maandishi, ili siku hiyo karatasi hii iwepo.

Kwa nini basi Desemba? Kwa sababu mfadhili aliyeahidi ng'ombe wa zawadi huja nyumbani Krismasi, na ndiye atakayeuza vinywaji pembeni mwa uwanja. Kalenda ya vijana wa kijiji kizima inafuata likizo ya mtu mmoja! Eti tukihamisha tarehe ataghairi. Aghairi. Mipira miwili mizuri inatosha kuwa zawadi, na mpira unachezwa mwaka mzima, ng'ombe analiwa siku moja na wenye meno mengi.

Yako mengine. Timu 8 kumalizana siku moja maana yake timu mbili za fainali zitacheza mechi tatu mchana mmoja, na wengine wametoka nyumbani na uji tu tumboni. Mechi zigawanywe siku tatu, asubuhi. Mamluki wenye ndevu wasiingizwe kwenye timu za watoto chini ya miaka 15. Miguu inayovunjika ni ya watoto wetu. Netiboli ya wasichana iwe ya kwanza, isiachwe mpaka saa 12 jioni wakarudi gizani. Na timu za mbali zisije kwa mishikaki ya bodaboda wala juu ya magunia ya lori.

Desemba 2016 mchezaji wa timu ya vijana ya Mbao FC alifunga bao pale Bukoba, muda mfupi akaanguka uwanjani na kufariki. Huo ulikuwa mpira wa vijana wa timu kubwa, siyo wa kijijini. Kwa hiyo mhudumu wa zahanati awepo pembeni ya mstari, na kabla ya hapo awafundishe makapteni na refa la kufanya: aliyeanguka, haitiki wala hapumui sawasawa, asimwagiwe maji wala asizungukwe. Piga magoti, weka mikono miwili katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike, na mwingine akimbilie gari. Gari hilo lijulikane tangu asubuhi, lina mafuta na dereva hajalewa.

Mkutano wa wanachama ni Jumamosi saa 3 asubuhi, ghalani. Nitapendekeza posho, spika na pilau vifutwe, hela hiyo iende kwenye saruji ya magoli, madumu ya maji, vikombe na sanduku la huduma ya kwanza, na mashindano yawe Juni. Wajumbe wa Kamati waje na ratiba yao, wasome mbele ya wazazi. Vijana njooni pia, na mwenye sururu aje nayo, tukipitisha tunachimba siku hiyo hiyo.

Katibu wa Tawi