Mazungumzo ya Juma: Kabla Joka Halijaamka



Yuko mzazi ambaye usiku wa Jumamosi humsikia kijana wake chumbani, mlango umefungwa, akisema: "Naingia polepole. Mkuki ninao mkononi." Kisha kimya. Kisha kicheko. Mzazi hujiuliza kama mtoto ameshikwa na homa. La, hana homa. Yumo safarini pamoja na wenzake, nao wako mbali, kila mmoja mbele ya kompyuta yake. Juma hili tuzungumze juu ya mchezo huo, na hasa juu ya kazi inayoutangulia, kwa maana hapo ndipo wengi huharibikiwa.

Mchezo wenyewe ni hadithi. Sisi sote tumelelewa kwa hadithi. Bibi akisema "Paukwa," watoto huitikia "Pakawa," kisha Sungura na Fisi huanza vituko vyao. Lakini katika hadithi ya Bibi msikilizaji hana amri. Fisi atadanganywa tu, upende usipende. Katika mchezo huu kila msikilizaji ana mtu wake ndani ya hadithi: huyu ni askari, huyu mganga, huyu mwizi mwenye vidole vyepesi. Msimulizi mmoja, tumwite mkuu wa mchezo, hueleza mahali walipo na shida iliyo mbele yao, kisha huuliza, "Mwafanyaje?" Wao huamua. Jambo likiwa na shaka, kama vile kuruka shimo, dadu hutupwa. Dadu mashuhuri ya mchezo huu ina nyuso 20. Hadithi yaweza kuendelea juma kwa juma, hata mwaka mzima.

Asili yake ni Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax wa mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, na Dave Arneson wa jimbo la Minnesota, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Vilikuwa vijitabu 3 ndani ya sanduku moja, na mara ya kwanza zilichapwa nakala 1,000 tu. Mabwana hao walikaa mbalimbali, wakapelekeana maandishi kwa posta na kuzungumza kwa simu. Basi mchezo huu, ambao kwa miaka mingi ulichezwa na watu waliozunguka meza moja, ulitungwa na watu wasiokaa mji mmoja. Siku hizi meza nayo imehamia kwenye intaneti. Tangu 2012 iko programu iitwayo Roll20, ambamo wachezaji huona ramani moja na kutupa dadu mbele ya macho ya wote. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowafungia watu majumbani, makundi mengi yalihamia kwenye meza za namna hiyo.

Sasa tuchukue mfano. Vijana 5 waliosoma shule moja wametawanyika. Wawili wako Nairobi, mmoja Dar es Salaam, mmoja London, mmoja Chicago. Wamechoka kuandikiana "habari za siku nyingi" kisha kunyamaza miezi mitatu. Mmoja wao asema, "Njooni tucheze. Mimi nitakuwa mkuu." Wote wanakubali kwa furaha. Je, waanze Jumamosi ijayo? Wasianze. Kwanza wakutane mara moja bila kucheza, wapatane. Wachezaji wazoefu hukiita kikao hicho kikao sifuri, na hata kitabu cha mchezo huo kilichotolewa 2020, Tasha's Cauldron of Everything, kinakieleza. Yako mambo matano ya kupatana.

La kwanza ni saa. Joka haliui makundi mengi. Kalenda ndiyo inayoyaua. Tuseme wamechagua Jumamosi saa 2 usiku ya Nairobi na Dar es Salaam. Wakati wa baridi kule Ulaya na Marekani, huko London ni saa 11 jioni, na Chicago ni saa 5 asubuhi. Lakini Jumapili ya pili ya mwezi wa Machi Wamarekani husogeza saa zao mbele, na Waingereza hungoja mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi huo. Kwa majuma mawili au matatu rafiki wa Chicago amebadilika peke yake. Kwake mchezo sasa huanza saa 6 mchana. Asipoambiwa, ataingia saa nzima kabla ya wengine, aikute meza tupu. Tena sisi husema saa 2 pale saa ya Kizungu inaposoma 8, na kijana aliyekaa ng'ambo miaka mingi huenda amesahau. Basi waandike saa ya kila mji, wabandike mahali pa kuonekana na wote. Wapatane pia kwamba wakiwapo wachezaji 3 na mkuu, mchezo huendelea, na mtu wa yule asiyekuwapo hauawi. Ahadi ni deni, lakini hata mwenye deni hupatwa na dharura.

La pili ni aina ya hadithi. Mmoja ataka vita. Mwingine ataka siri ya kufumbua. Wa tatu ataka kucheka tu, maana kazi imemchosha juma zima. Wasiposemezana mapema, yule wa vita atamchoma mkuki mfalme ambaye mwenziwe alitaka kumhoji, na jioni itakwisha kwa nuna. Mkuu na aulize kila mtu: "Ni jambo gani moja ambalo hadithi ikilikosa utaona umepoteza Jumamosi yako?" Majibu ayaandike. Wachague pia watu wao kwa pamoja, na kila mtu wa hadithi awe na sababu ya kusafiri na wenzake. Mwizi asiyemjua mtu, asiyempenda mtu, huonekana mzuri kwenye karatasi, lakini njiani huwa mzigo.

La tatu ni mipaka. Hadithi za majoka zina damu, na mkuu mwenye ulimi mtamu aweza kugusa kidonda bila kujua. Huenda mmoja wao alizika mtoto mwaka huu. Akisikia habari za mtoto aliyetekwa, mchezo kwake si mchezo tena. Kwa hiyo kila mtu na amwandikie mkuu kwa siri mambo asiyotaka yaingie, na mkuu awatangazie wote bila kutaja jina la mtu. Iko pia njia iliyobuniwa na mchezaji wa Marekani aitwaye John Stavropoulos: kadi yenye alama ya X huwekwa mezani, na yeyote akiigusa, jambo lile huachwa, wala haulizwi sababu. Kwenye intaneti hutosha kuandika herufi hiyo. Twaona ni adabu njema. Hata barazani mtu mwenye busara hubadili mazungumzo akimwona mgeni ameinamisha uso.

La nne ni kazi ya mkuu. Mkuu mgeni hukesha akiandika hadithi nzima mpaka mwisho wake. Ameandaa mji, msitu, ngome na joka. Kisha wachezaji, siku ya kwanza, wanaamua kupanda jahazi waende zao. Afanyeje? Akiwalazimisha kurudi msituni, watajiona wamekuwa Fisi wa Bibi. Yafaa aandae mahali pa kuanzia, watu watatu wenye haja zao, na hatari moja itakayokua ikiachwa. Mwisho awaachie wachezaji. Lakini hukumu ya sheria katikati ya mchezo iwe yake, na ubishi ungoje mwisho wa kikao, kwa maana manahodha wengi, chombo huenda mrama.

La tano ni gharama na daftari. Sheria za msingi za Dungeons & Dragons hupatikana bure, na Roll20 ina sehemu isiyolipiwa. Foundry, meza nyingine ya intaneti, hununuliwa mara moja na mkuu peke yake. Basi asitozwe mtu kabla ya kikao sifuri, wala asione haya mwenye bando dogo. Sauti tupu yatosha, picha si lazima. Na mmoja aandike kila jioni walipofika na ahadi walizotoa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hadithi kadhalika.

Wako watakaouliza: Je, mchezo huu si wa kishetani? Swali hili ni la zamani. Katika miaka ya 1980 makanisa na wazazi wengi wa Marekani waliupiga vita. Mwaka 1983 mama mmoja, aliyefiwa na mwanawe kwa kujiua, alianzisha chama cha kuupinga. Uchungu wa mama yule hatuwezi kuudharau. Lakini waliochunguza jambo hilo baadaye hawakupata ushahidi kwamba mchezo huwafanya vijana wajiue. Mzazi mwenye shaka na afanye kilicho bora kuliko kukataza akiwa nje ya mlango: aombe kusikiliza jioni moja. Atajua mara moja kama wale ni marafiki au siyo, maana marafiki humngoja mwenzao anayesemea polepole.

Na hapo ndipo penye uzito wa maneno yetu. Joka likishinda, wachezaji hubuni watu wengine, wakaendelea. Kundi likifa kwa kukosa mapatano, huenda vijana wale wasitafutane tena. Yule wa Chicago akikosa mara tatu bila kuulizwa, atajiona hatakiwi, naye hatasema; atajibu tu kwamba ana kazi nyingi.

Kwa hiyo wewe uliyejitolea kuwa mkuu, weka kando ramani yako usiku huu. Andika barua fupi yenye maswali manne: Siku gani? Saa gani ya mji wako? Wapenda hadithi ya namna gani? Jambo gani lisiguswe? Mpelekee kila mmoja, na uanze na yule aliye mbali kuliko wote.

Kwaherini mpaka juma lijalo.