Ukarimu Hauna Bei, Kazi Inayo

Katika vijitabu vya kuwaalika watalii, na siku hizi hata katika hotuba za wakubwa, limezoeleka neno "sekta ya ukarimu". Wafasiri walilileta kutoka Kiingereza bila ya kulipekua, likapokewa, likaenea. Sasa mkahawa wowote wa shamba unaoendeshwa na baba, mama na watoto wao husifiwa kwa sifa moja tu: ukarimu wa familia. Bei haitajwi, wala ustadi wa mpishi, wala mikono iliyokuna nazi. Hutajwa tabasamu. Sifa hiyo ina sura ya heshima, lakini ndani yake mna dhulma, na inafaa isemwe kabla haijawa mazoea yasiyoulizwa.

Kiswahili kilikuwa makini katika jambo hili. Kifaransa kina neno moja, hôte, ambalo humtaja anayekaribisha na anayekaribishwa pia. Kiswahili kimewatenga: huyu mwenyeji, yule mgeni, na sokoni kimemweka mtu wa tatu, mteja. Mkarimu ni yule anayetoa asichodaiwa. Anayetoa kwa bei amefanya biashara, na biashara ya halali haina aibu. Mwenye duka anayepima sukari sawasawa huitwa mwaminifu. Haitwi mkarimu, naye hapungukiwi na kitu kwa kukosa jina hilo.

Hata adabu ya hodi inafundisha hivyo. Mtu hupiga hodi mara tatu. Asipojibiwa hurejea alikotoka bila ya kinyongo. Maana yake ni kwamba mwenyeji ana haki ya kunyamaza, na karibu yake ina thamani kwa sababu angeweza kutoisema. Mkahawa hauna haki hiyo katika saa zake za kazi: mlango u wazi, na kila aingiaye na fedha yake hukaribishwa. Methali nayo humpa mgeni siku mbili, ya tatu ikamkabidhi jembe. Ukarimu wa wazee, basi, ulikuwa na mpaka. Mteja hapewi jembe hata akikaa mwezi mzima. Hupewa hesabu, na hesabu hiyo ni haki yake na haki ya aliyempikia.

Sasa na aulizwe anayelipia tabasamu hilo. Katika mashamba ya viungo ya Unguja, upande wa Kizimbani na Kindichi, matembezi ya watalii aghalabu humalizika kwa chakula cha mchana: pilau, mchuzi wa nazi, matunda ya msimu. Kabla sinia halijatua mkekani, yupo aliyeteka maji, aliyechanja kuni, aliyekaa juu ya mbuzi akakuna nazi, akakamua tui kwa kifumbu, akapuliza moto hadi macho yakawasha. Mara nyingi mtu huyo ni mwanamke, na mara nyingi ni binti wa nyumba hiyo hiyo. Lau angekuwa mpishi wa kuajiriwa, angeulizia mshahara wake mwisho wa mwezi. Kwa kuwa yuko kwao, huambiwa kwamba anasaidia. Likishatiwa jina la ukarimu, jasho lake huonekana ni tabia aliyozaliwa nayo, na tabia hailipwi.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya, kuhesabu kila kitu hadi upendo. Waitazame basi Ulaya yenyewe, katika nyumba iliyo maarufu kuliko zote za namna hii. Eugénie Brazier alizaliwa mwaka 1895 katika kijiji cha La Tranclière, mashariki mwa Ufaransa. Alifiwa na mama yake angali mdogo, akalelewa katika kazi za shamba, akazaa mtoto bila ya ndoa, akaenda mji wa Lyon kutumikia nyumba za watu. Huko alijifunza upishi, na mwaka 1921 akafungua mkahawa wake mwenyewe mdogo. Baadaye alifungua wa pili nje ya mji, milimani, mahali paitwapo Col de la Luère. Mwaka 1933 kitabu cha Michelin kiliipa kila mikahawa yake nyota tatu, ambazo ni daraja la juu kabisa. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kushika nyota sita kwa pamoja. Mwanawe Gaston akashika kazi, na baadaye mjukuu wake akairithi.

Bibi huyo hakujulikana kwa tabasamu. Alijulikana kwa ukali, kwa usafi, na kwa kukataa kuku asiyemridhisha. Paul Bocuse, ambaye baadaye alikuja kuwa mpishi mashuhuri kuliko wote Ufaransa, alikwenda Col de la Luère mwaka 1946 kujifunza, na kazi zake zilikuwa pamoja na kukama ng'ombe, kulima bustani ya mboga na kufua nguo. Wateja walipanda mlima kwa sababu kilichokuwa mezani kilitoka katika ardhi na mikono iliyojua inachofanya. Heshima waliyopewa ilikuwa ndani ya sahani. Familia ile iliuza kazi yake kwa jina la kazi, na jina lake limebaki.

Italia imekwenda mbali zaidi, ikalitia jambo hili katika sheria. Tangu mwaka 1985, na kwa sheria mpya ya mwaka 2006, anayetaka kuwalisha na kuwalaza wageni shambani kwa jina la agriturismo sharti awe mkulima, na kilimo chake sharti kibaki kuwa ndiyo shughuli kubwa kuliko meza yake. Watu wa familia wanaofanya kazi hapo wametajwa katika sheria hiyo kuwa ni wafanyakazi wa kilimo. Chakula nacho, kwa sehemu kubwa, hutakiwa kitoke katika shamba hilo na mashamba ya jirani. Sheria hiyo haikumpima mkulima kwa ucheshi wake. Imemtaka awe na shamba.

Visiwani mambo yameelekea kinyume. Tabasamu limewekwa mbele na shamba likasahauliwa. Mchele wa pilau mwingi hutoka ng'ambo, na mgeni huelezwa kwamba anakula chakula cha asili cha familia. Mkulima wa jirani mwenye muhogo, ndizi na mchicha hapati oda, kwa kuwa hakuna aliyeweka sharti. Familia hubakia kuuza kitu kimoja tu ambacho haikipandi wala haikivuni, nacho ni uso wake.

Na uso una mwisho wake. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni kutoka nje zaidi ya 700,000, ilhali sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakaazi 1,889,773. Hakuna umma duniani unaoweza kuwa mwenyeji wa watu kwa uwiano huo, mwaka baada ya mwaka, kwa maana ya kweli ya neno hilo. Unaweza kuwahudumia, na kuwahudumia vyema, na kulipwa. Ukilazimishwa kuwapenda wote, utajifunza kuigiza, na siku jirani mwenye njaa atakapopiga hodi atakutana na uso uliokwisha kuchoka.

Hoja yenye uzito zaidi ya wapinzani ni kwamba bei ikitangazwa uchangamfu hufa. La hasha. Ungo wa malindi huuzwa kwa bei, na msusi wake huweza kumwongezea mnunuzi kawa ndogo ya bure kwa kuwa amempenda. Nyongeza hiyo ndiyo ukarimu, nayo hutambulikana kwa sababu bei ya ungo ilikuwa wazi. Palipofichwa bei, zawadi nayo haionekani.

Yatakiwayo si mengi. Bei ya chakula iandikwe. Binti anayepika awe na fungu lake linalojulikana, analolishika mkononi mwake. Anayejiita mkahawa wa shamba aonyeshe shamba, na asichokilima akinunue kwanza kwa jirani. Familia iwe na siku ya kufunga mlango, bila ya kuambiwa kwamba imepoteza mila. Na wafasiri, ambao ndio walioanza kosa hili, walirejeshe neno mahali pake: iitwe sekta ya huduma za wageni, ama biashara ya chakula na malazi. Ukarimu uachiwe nyumba ambazo hazidai malipo, na zingali nyingi.