Ni Pilipili Gani Hii?

Wazee husema, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Lakini, ndugu msomaji, yuko mtu ambaye pilipili asiyoila humwasha sana, naye ni yule aliyenunua mche dukani kwa jina la pilipili tamu, akaumwagilia maji miezi miwili au mitatu, kisha akavuna pilipili mbuzi.

Huku Nchelenge jambo hili si la kuchekwa. Kila mwaka, tangu mwanzo wa Desemba hata mwisho wa Februari, serikali hufunga uvuvi katika ziwa Mweru ili samaki wazaane. Miezi hiyo bustani ndiyo inunuayo sabuni na daftari. Mama aliyepanda pilipili tamu kwa ajili ya wateja wake wa Kashikishi hawezi kuwauzia kali, wala hawezi kuyarudisha majuma yaliyopita. Mwenye duka naye husema, "Nimeuza kama nilivyoletewa." Kwa maoni yangu jawabu hilo halitoshi. Aliyepokea fedha kwa jina lililoandikwa na alijibie jina hilo.

Hata hivyo tusiwaite wenye maduka wezi wote. Mwaka 2023 huko Marekani na Kanada, watu wengi walipanda mbegu zilizoandikwa jalapeño wakapata pilipili za namna nyingine. Na wataalamu je? Jacquin, mtaalamu wa mimea wa Vienna, mwaka 1776 aliipa pilipili moja jina la chinense, yaani ya Kichina, na hali asili yake ni Amerika kama pilipili zote za jamii hiyo. Kosa lake limebandikwa mpaka leo, na pilipili mbuzi yetu imo katika aina hiyo hiyo! Sisi nasi tuna vurugu letu: kamusi za zamani zasema hoho ni pilipili kali nyekundu, lakini leo mtu wa Dar es Salaam akiagiza hoho ataka ile tamu ya kukatia kachumbari.

Basi mnunuzi afanyeje? Asisubiri tunda, atazame ua. Pilipili tamu kwa kawaida hutoa ua moja jeupe pale jani linapokutana na shina. Pilipili mbuzi hutoa mawili au zaidi mahali pamoja, yakining'inia, na chini ya tunda, kikonyo kinapoungana na kikombe cha ua, pana mkunjo kama pete. Pilipili kichaa ina ua la rangi ya kijani hafifu, na tunda lake dogo hutazama juu. Ukiona madoa ya manjano katika petali, hiyo ni aina nyingine kabisa, baccatum. Majani pekee hudanganya; mche mchanga wa tamu na wa kali hufanana kama mapacha. Kwa hiyo ni afadhali kununua mche uliokwisha kuchanua, hata ukizidi bei kidogo.

Tunda likitoka, lipasue, uguse kwa ncha ya ulimi ule utando mweupe unaoshika mbegu. Humo ndimo ukali ulimo, wala si katika mbegu kama wengi wadhanivyo. (Usijiguse macho baadaye. Ukiwashwa, kunywa maziwa, maji hayasaidii.)

Liko neno jingine la kukosolewa. Watu hudai kuwa tamu iligeuka kali kwa kupandwa karibu na kali. Haiwi hivyo katika msimu ule ule. Chavua ya jirani hubadili mbegu, na mabadiliko huonekana kwa mche utakaoota katika mbegu hiyo. Kwa hiyo muuzaji asijifiche nyuma ya bustani ya jirani yako.

Ningependa darasa la kilimo lipande aina hizi nne kando kando, kila mwanafunzi achore ua lake. Na nyumbani, wanafunzi wa zamani mlio na bustani, wekeni risiti na kibandiko mpaka siku ya kuvuna. Mwenye duka akikataa kusikia, Tume ya Ushindani na Ulinzi wa Walaji ya Zambia hupokea malalamiko, nayo itataka kuona karatasi hizo kwanza.