MWAKENYA SI KIBALI CHA MUNGU

Vijana wa Bofu na Likoni yote!

Jumapili unaleta kalamu madhabahuni iombewe, Jumatatu unavuka feri na mwakenya kwenye soksi. Ukipita mtihani unashuhudia, "Mungu ametenda." Mungu yupi? Mwaka 2015 KCSE ilitoa A zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 wizi ukabanwa, zikabaki 141. Je, Mungu alipunguza baraka? Hapana! Danieli alisomeshwa elimu ya Wakaldayo miaka 3, ndipo akasimama mbele ya mfalme.

Na rafiki anayetaka umpenyezee majibu, keti naye mfundishe kabla ya mtihani. Huo ndio upendo.

Mafuta ya upako hayatakasi wizi. Choma hiyo karatasi leo, fungua kitabu. Amina?