Staringi hafi, ila mtaa wako unaweza kuzikwa

Kila aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha muvi mtaani anajua sheria ya kwanza: staringi hafi. Sheria ya pili: adui hufa mwishoni, tena vibaya. Sheria ya tatu haisemwi kwa sauti, na ndiyo nataka tuiongelee leo. Kwenye hizi muvi kuna watu wa kupita tu. Muuza maembe, mama na kikapu chake, mtoto wa barabarani. Hao hufa wakati wowote na hakuna anayesimamisha stori kuwalilia. Na mara nyingi, manze, hao ndio sisi.

Chukua Homeland, tamthilia ya majasusi ya Marekani iliyoanza 2011 na kumalizika 2020. Nataka tuangalie msimu wa nne, kipindi cha tisa, kilichoonyeshwa mwishoni mwa Novemba 2014. Kama hujakitazama na unaogopa kuharibiwa utamu, pole, miaka zaidi ya kumi imepita. Endelea kusoma tu.

Saul Berenson, aliyewahi kuongoza CIA, ametekwa na Haissam Haqqani, kiongozi wa Taliban. Marekani inakubali kumbadilisha na wafungwa watano. Pande mbili zinakutana kwenye uwanja wa ndege. Wafungwa wanaletwa. Saul naye analetwa, na karibu naye kuna mtoto wa kiume aliyevishwa mabomu. Saul anagoma. Anakaa chini kwenye lami, kwake heri kufa kuliko nchi yake ilipe bei hiyo. Carrie Mathison, jasusi anayeigizwa na Claire Danes, anamfuata hadi pale kumbembeleza ainuke. Hapo hata chai inakupoa mkononi. Halafu ukidhani sasa unaweza kupumua, msafara wa Wamarekani unalipuliwa wakirudi, na watu wa Haqqani wanaingia ubalozi wa Marekani mjini Islamabad kupitia njia ya chini ya ardhi. Kipindi kinachofuata ni mauaji ndani ya ubalozi.

Noma sana. Hilo sibishi. Na watazamaji walikipokea hivyo. Msimu wa tatu ulikuwa umeisha kwa Nicholas Brody kunyongwa Tehran, na wengi walisema tamthilia imekufa naye. Msimu wa nne ukaifufua. Wahakiki wa Marekani waliokuwa wameitupa wakarudi na sifa, na mashabiki wakawa wanahesabu siku kungoja Jumapili.

Lakini kulikuwa na watazamaji wengine. Pakistan.

Huko mji waliouona kwenye skrini haukuwa mji wao. Islamabad ni mji uliochorwa kwanza kwenye karatasi, na Mgiriki aitwaye Doxiadis, kisha ukaanza kujengwa miaka ya 1960. Una barabara pana, miti kila mahali, na milima ya Margalla nyuma yake. Kwenye Homeland ukageuka vumbi, vichochoro na makundi ya watu wenye hasira. Na haukuwa Islamabad hata kidogo: msimu huo ulipigwa picha Cape Town, Afrika Kusini. Haqqani aliigizwa na Numan Acar, Mjerumani mwenye asili ya Uturuki. Jasusi mjanja wa Pakistan, Tasneem Qureshi, akaigizwa na Nimrat Kaur kutoka India. Kanali Khan akawa Raza Jaffrey, Mwingereza. Wanaojua Kiurdu wakacheka jinsi lugha yao ilivyovunjwavunjwa. Maafisa wa Pakistan nchini Marekani hawakucheka. Walilalamika hadharani kwamba nchi yao imepakwa matope.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 2012 waziri wa utalii wa Lebanon alitishia kwenda mahakamani kwa sababu Homeland ilionyesha mtaa wa Hamra, Beirut, kama maskani ya wapiganaji wenye bunduki. Hamra halisi ni mtaa wa mikahawa na maduka. Halafu picha zenyewe zilichukuliwa Israeli. Fikiria mtu aigize Nairobi yako, tena akaipige picha kwa jirani mnayegombana naye.

Sasa msimamo wangu. Mimi niko na watazamaji wa Pakistan na Lebanon. Lakini siko na maafisa wao.

Afisa wa ubalozi na waziri wa utalii wanalilia postikadi. Wanataka dunia ione barabara safi na hoteli. Hiyo ni kazi yao, wanalipwa kwayo. Lakini mji wowote una vichochoro, na stori ya majasusi haiwezi kupigwa picha yote kwenye bustani ya maua. Kama shida ingekuwa vumbi peke yake, ningesema wavumilie. Nairobi pia ina vumbi.

Shida ni ile sheria ya tatu. Mtafute yeyote aliyekesha na kipindi hicho umuulize jina la yule mtoto aliyevishwa mabomu. Atakutajia Saul. Atakutajia Carrie. Atakutajia mpaka Quinn. Mtoto? "Yule wa mabomu." Kamera ilimtumia kutupandisha presha, kisha ikaendelea na safari zake. Aliwekwa pale ili tumwogopee Saul.

Na mtu asiniambie waandishi hawakujua. Msimu huohuo ulianza na shambulio la anga la Marekani kupiga harusi, na kijana mmoja, Aayan, akabaki hai kati ya maiti za jamaa zake. Huo ulikuwa mwanzo wa maana. Nilidhani safari hii tutaambiwa stori ya upande ule. Kufika katikati ya msimu, Aayan anapigwa risasi na mjomba wake mwenyewe, Haqqani. Kufika kipindi cha tisa, stori yote imerudi kwa Wamarekani na uchungu wao. Aayan alikuwa ngazi. Mtu akishapanda, ngazi huachwa ukutani.

Utasema, "Wewe nawe, si ni muvi tu?" Sawa. Basi tuje nyumbani.

Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulishambuliwa kweli, katikati ya jiji letu. Waliouawa Nairobi ni 213. Kati yao, Wamarekani walikuwa 12. Jumba la Ufundi, jirani na ubalozi, liliporomoka likiwa na watu ndani. Wengi walijeruhiwa na vioo kwa sababu walisikia mlio wa kwanza wakakimbilia madirishani kuchungulia, ndipo bomu lenyewe likalipuka. Wengine wakapoteza macho.

Sasa fikiria siku hiyo ikiandikwa kama kipindi cha tisa. Kamera ingekuwa wapi? Ingekuwa ndani ya ubalozi na wale 12. Tungejua majina yao, ndoa zao, siri zao. Ufundi ingekuwa moshi unaoonekana kwa mbali dirishani. Karani aliyekuwa anapiga chapa barua, mwanafunzi aliyekuwa anavuka barabara, dereva wa basi, wote hao wangekuwa mayowe nyuma ya muziki. Damu ya hao 12 ni damu, sipimi uchungu wa mtu kwa pasipoti. Nasema tu kwamba hesabu ya kamera na hesabu ya makaburi hazilingani, na wewe ukiwa mtazamaji hutagundua hadi mji uwe wako.

Na mji wetu umeshaigizwa. Eye in the Sky, filamu ya 2015 yenye Helen Mirren na marehemu Alan Rickman, inatokea Eastleigh. Nayo pia ilipigwa picha Afrika Kusini. Kwenye filamu hiyo, Islii inatawaliwa na wapiganaji wenye bunduki kubwa juu ya magari, wanazunguka mchana kweupe kama askari wa kaunti. Msee, Islii! Pale ambapo kitu cha kukuua ni msongamano, wenye mikokoteni na bei ya kitambaa ukikosa kujua kubishana. Mtu wa Kayole anaingia huko kununua viatu na kurudi na begi mbili.

Lakini filamu hiyohiyo ilifanya jambo ambalo Homeland ilishindwa. Ndani yake kuna msichana anayeuza mikate karibu na nyumba inayolengwa na kombora. Ana jina, Alia. Ana baba anayemfundisha kusoma kisiri. Mawaziri na majenerali wa London na Washington wanakwama saa nzima kwa sababu yake. Mtaa waliukosea kabisa, ila mtu wa mtaa walimpata. Ukinilazimisha kuchagua, nitachagua kosa hilo kila siku. Vumbi la uongo linachekesha. Mtoto asiye na jina hachekeshi.

Kwa nini nalia na hili? Kwa sababu picha ya mtaa haibaki kwenye skrini. Aprili 2014, kwenye operesheni ya Usalama Watch, polisi waliingia Eastleigh na maelfu ya watu wakakamatwa, wengi wao Wasomali. Wengi walizuiliwa uwanja wa Kasarani. Sisemi muvi ndiyo iliwatuma polisi. Nasema kwamba kabla ya mlango wa mtu kupigwa teke usiku, lazima kwanza mtaa wake wote uwe umeshageuzwa "maficho" vichwani mwa wengine. Magaidi ni kweli wapo. Westgate 2013 ilikuwa kweli, na hakuna Mkenya anayehitaji kufunzwa hilo na Hollywood. Tofauti ni kati ya kumwonyesha gaidi na kumfanya kila aliyesimama karibu naye kuwa sehemu ya ukuta.

Ndiyo maana nawapenda watazamaji wanaojibu. Julai 2015, CNN ilipotuita kitovu cha ugaidi kabla ya Obama kutua, Wakenya waliwasha moto Twitter na #SomeoneTellCNN mpaka mkubwa wa kampuni akapanda ndege kuja Nairobi kuomba radhi. Mwaka huohuo, Homeland ilipokuwa ikitengeneza msimu wa tano Berlin, iliajiri wasanii waandike Kiarabu kwenye kuta za kambi ya wakimbizi ya kuigiza. Wasanii wakaandika kwamba Homeland ni tamthilia ya kibaguzi. Kuta zikapigwa picha, zikahaririwa, zikaonyeshwa dunia nzima Oktoba 2015. Katika kampuni nzima hakukuwa na aliyesoma. Kwao Kiarabu kilikuwa urembo wa ukuta. Hakuna mhakiki angeweza kutoa ushahidi bora zaidi wa ninachosema.

Sasa, sikuambii ususie. Mimi sikumaliza chuo na darasa la filamu sijawahi kulikanyaga, lakini flashi yangu imejaa majasusi na sitazifuta leo wala kesho. Presha ya kipindi cha tisa ni tamu na utamu si dhambi. Nakuomba tu utazame kama mtu mwenye mtaa. Kamera ikikimbia na staringi, tupa jicho nyuma yake. Nani ameanguka pale? Ana jina? Kuna anayemtafuta? Wale wa kijiji wanaongea, au wanapiga kelele tu? Maswali hayo hayaharibu muvi. Yanakuonyesha muvi ya pili iliyofichwa ndani ya ile ya kwanza.

Na tuandike zetu. Tusijifanye kwamba hatujawahi. Miaka ya 1970, Elvis Musiba wa Tanzania alikuwa tayari anaandika riwaya za Willy Gamba, jasusi Mwafrika anayepambana na maadui wa ukombozi wa bara hili, kwa Kiswahili safi, na watu walizisoma kwenye mabasi mpaka majalada yakachanika. Hapo staringi alikuwa wetu. Leo kijana wa Umoja ana simu inayopiga picha kuliko kamera nyingi za wakati huo, ana marafiki wanaoigiza bure, na ana mtaa wenye siri kuliko Langley. Kinachokosekana ni mtu wa kuketi aandike.

Ukiwa ni wewe, weka mabomu, weka wasaliti, weka kipindi cha tisa cha kutufanya tusahau chakula jikoni. Tutakesha nacho. Ila yule mtoto kwenye lami, kabla hujamvisha mkanda, mpe jina.